Jiko la kuni, nyumba iliyozibwa, na gunzi la mama

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari, saa mbili usiku, nje nyuzi 22 chini ya sifuri. Mama Neema alikuwa jikoni anakaanga samaki, feni ya kuvuta moshi inanguruma juu ya kikaango. Mimi nilikuwa nimechuchumaa sebuleni mbele ya jiko la kuni, gogo la mwaloni mkononi. Nikafungua mlango wa jiko kama nilivyozoea, taratibu, ili moshi upate nafasi ya kushika njia ya juu.

Moshi haukupanda.

Ulimwagika nje kwa ukingo wa juu wa mlango, ukatambaa kwenye dari mpaka juu ya picha yetu ya harusi, king'ora kikaanza kulia. Neema, ana miaka minane, akakimbilia mlango wa uani akaufungua wazi. Baridi ikaingia kwa kishindo. Na moshi, niliuona kwa macho yangu, ukasita, ukageuka, ukaingia tena ndani ya jiko kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Moto ukavuma. Mimi nikapiga kelele afunge mlango, baridi hiyo! Akafunga.

Moshi ukaanza kutoka tena.

"Baba," akasema, "mlango ndio unauita."

Hizi ni wiki sita, na maneno hayo bado hayajanitoka.

## Tulivyoziba nyumba

Walioko huku Maine, Marekani, wanajua mafuta ya kupasha nyumba yanavyokula mshahara. Oktoba tuliamua kuziba nyumba. Mafundi walikuja na feni kubwa, wakaifunga kwenye fremu ya mlango wa mbele kwa turubai, wakaiwasha ivute hewa yote nje, kisha wakapita chumba kwa chumba wakisikiliza nyufa kwa viganja vya mikono. Walizikuta kila mahali: kwenye soketi za umeme, pembeni mwa kifuniko cha darini, kule bomba la maji linakotokea ukutani. Wakaziba. Darini wakajaza pamba ya kuzuia baridi hadi nikashindwa kuona mbao.

Desemba ilipofika tulifurahi. Mafuta yalipungua, na miguu ya watoto haikuganda tena sakafuni. Hakuna aliyeliangalia jiko la kuni, na mimi mwenye nyumba sikuuliza.

Nilidhani jiko linasukuma moshi. Halisukumi chochote. Hewa ya moto ndani ya dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ni nyepesi, inapanda, na inapopanda inavuta nyingine nyuma yake kupitia jiko. Kilo moja ya kuni kavu inahitaji karibu kilo sita za hewa ili iungue yote, na majiko halisi hutumia zaidi ya hapo. Hewa hiyo yote ilikuwa ikiingia kupitia zile nyufa ambazo nililipa watu wazizibe.

Sasa ongeza feni ya jikoni. Katika nyumba yenye nyufa mia, feni inachota kidogo kidogo kutoka kila ufa, wala hakuna anayejua. Ukiziba zile mia, feni haiachi kuvuta. Inatafuta tundu lililobaki, na tundu kubwa kuliko yote lililobaki nyumbani kwetu ni dohani.

## Boksi lililokuja na posta

Rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Bukavu, hufanya kazi za nyumba huku Lewiston. Nilimsimulia. Hakufikiri hata dakika moja. "Kaka, leta hewa ya nje. Kuna bomba lake."

Nikaagiza. Boksi lilifika baada ya siku nne. Ndani yake: bomba la alumini linalokunjika kama kodiani, kipenyo inchi 4, kofia ya chuma ya kuweka nje ya ukuta, ina wavu wa kuzuia panya, na kikombe cha kuungia bomba nyuma ya jiko, pale palipo na tundu la hewa. Unatoboa ukuta, unaunga, na kuanzia hapo jiko linavuta hewa ya uani badala ya hewa ya sebuleni uliyokwisha kuilipia joto. Maelezo yake ni ya ukurasa mmoja.

Wala si jambo la kubuni mtu. Nyumba zile za kukokotwa zinazotengenezwa viwandani hapa Marekani, sheria ya nchi inataka jiko lake la kuni lipate hewa kutoka nje. Jimbo la Washington linataka hivyo kwa nyumba mpya. Uingereza, jiko linalozidi kilowati 5 linadai tundu la hewa la kudumu ukutani, na nyumba ikiwa imezibwa sana, hata jiko dogo linadai.

Nilichora duara la penseli ukutani. Nikachomeka keekee. Halafu nikaiweka chini.

Sijui niseme nini kilinizuia. Labda ni yale maneno ya mtoto. Neema hakusema jiko lina njaa. Alisema mlango unauita moshi, na moshi ulitoka kwenye jiko la kuni kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimeuita kwanza.

## Hesabu iliyoniudhi

Jiko la kisasa lenye mlango unaobana, likiwaka kawaida, linatumia hewa ya futi za ujazo kama 10 hadi 25 kwa dakika. Nikapanda kwenye stuli nikasoma kibandiko cha feni yetu ya jikoni.

380.

Nilishuka nikakaa mezani nikaandika namba hizo mbili kwenye bahasha ya bili. Bomba la inchi 4 lingelipatia jiko hewa yake, sawa. Lakini lingeifanyia nini feni inayotoa mara kumi na tano, hata thelathini na zaidi, ya kile jiko linachovuta? Bomba limeungwa kwenye jiko, haliilishi nyumba. Na ukifungua mlango wa jiko kuongeza kuni, mdomo mpana hivyo, moto hauna tena haja ya bomba. Unavuta kutoka sebuleni, na sebule nayo inavutwa na feni. Ule moshi wa Januari ungetoka vilevile, bomba likiwepo lisiwepo.

Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za nchi hii zinataka feni ya jikoni inayozidi futi za ujazo 400 kwa dakika iwe na njia yake ya kuingiza hewa badala. Yetu iko chini ya mstari kwa futi 20. Basi hakuna aliyelazimika kufikiri.

Kuna na jambo la upepo, ambalo lilinikosesha usingizi kabisa. Upepo ukipiga nyumba, upande unaopigwa unasukumwa, na upande wa nyuma unafyonzwa. Kofia ya bomba ikiwa upande wa nyuma, siku ya dhoruba ukuta unaweza kuifyonza kwa nguvu kuliko dohani inavyovuta. Hapo hewa inageuka. Gesi za moto zinatoka kwa bomba la hewa, bomba linalopita katikati ya mbao za ukuta. Ndiyo maana wapo wajuzi wa majiko ya kuni, hasa Kanada, wanaolipinga bomba hili waziwazi. Na wapo wanaosema katika nyumba iliyozibwa kama yangu huna la kukwepa. Nimesoma pande zote mbili usiku kucha, kila upande una mantiki, na hapo ndipo panapochosha.

## Moshi wa udi

Jumapili moja watoto wakiwa kanisani na shangazi yao, nilimwomba Mama Neema udi. Yeye ni wa Tanga, udi haukosekani chumbani. Nikachukua vijiti vitatu, nikawasha kimoja, nikazunguka nacho nyumba nzima kama mganga.

Jiko likiwaka, feni imezimwa, madirisha yote yamefungwa: nilifungua mlango wa jiko upana wa kidole nikasogeza kijiti. Uzi wa moshi ulipinda, ukaingia ndani moja kwa moja, mwembamba, umenyooka. Maana yake jiko langu lilikuwa likipata hewa ya kutosha. Hata baada ya kuziba. Hapo peke yake sikuamini, nikarudia mara tatu.

Feni kwenye kasi namba moja: uzi ukaingia, lakini kwa kusitasita.

Feni namba tatu: uzi ukasimama wima, ukatikisika, halafu ukaniegemea mimi.

"Fungua dirisha," nikamwambia Mama Neema. Sebule yetu iko chini, dirisha liko hatua mbili kutoka kwenye jiko. Akalifungua vidole viwili. Uzi ukageuka ukaingia.

Kisha tukafanya lile ambalo hatukulipanga. Akafunga la chini, akapanda juu, akafungua dirisha la chumba chetu. Nilitegemea nafuu ileile, maana dirisha ni dirisha. Moshi ukanijia usoni.

Nilikaa sakafuni kuelewa. Wakati wa baridi nyumba yenyewe ni dohani. Joto linapanda, linatoka kwa juu, na huku chini nyumba inavuta. Ukifungua dirisha la juu umeongeza mdomo wa hiyo dohani kubwa, nayo inashindana na ile ndogo ya jiko. Ukifungua la chini umezipa zote mbili chakula.

Mama Neema alisimama kwenye ngazi, mkono kifuani. "Baba Neema, ile siku ya samaki mimi nililifungua la juu. Harufu isikae kwenye nguo."

## Mkaa ulioiva

Mimi ni wa Njombe. Juni na Julai kule, asubuhi nyasi ni nyeupe kwa jalidi, na watu wa Dar hawakuamini ukiwaambia. Mama alikuwa na desturi yake: jiko la mkaa linawashwa nje, barazani, mkaa wa miti ya miwati. Linaachwa lifuke, lirushe cheche, mpaka mkaa uwe mwekundu wote na moshi uishe. "Sasa umeiva," anasema, ndipo analiingiza chumbani tuote.

Kila nyumba ilifanya hivyo. Tuliamini moshi ndio mbaya, na moshi ukiisha, ubaya umekwisha.

Nikiwa darasa la tano, nyumba ya tatu kutoka kwetu, waliamka wawili kati ya watano. Chumba hakikuwa na dalili ya moto. Watu walisema mengi, na baadhi ya hayo mengi yaliwaumiza waliobaki kuliko msiba wenyewe.

Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na dalili zake, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, sisi tutasema ni malaria au mafua. Aliyelala hapati hata dalili. Na lugha yetu haijatusaidia: magazeti huandika wamekufa kwa "hewa ya ukaa", jina lilelile tunalolitumia kwenye biashara ya misitu na habari za tabianchi. Hiyo ni gesi nyingine. Huyu muuaji wa chumbani anastahili jina lake mwenyewe, tulifundishe shuleni.

Wahamiaji tumekuja na desturi hiyo mkobani. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme jimbo la Washington kwa siku kadhaa, na kati ya waliofikishwa hospitali kwa gesi hii walikuwamo wahamiaji wengi waliowasha mkaa ndani wapate joto. Mifuko ya mkaa hapa Marekani ina picha ya jiko ndani ya nyumba, ndani ya hema, ndani ya gari, zote zimepigwa alama ya X. Nimewahi kuzipita picha hizo dukani mara ngapi bila kuziona?

## Saa nane usiku

Hapa ndipo pale hasa paliponisumbua, na nimechelewa kufika kwa sababu naogopa kuliandika.

Ile Jumamosi ya moshi haikuwa hatari kubwa. Kulikuwa na moshi, king'ora, macho yanawasha, mtoto anakimbilia mlango. Kila kitu kilituamsha.

Lakini jiko la kuni nalo lina saa yake ya mkaa kuiva. Unalijaza saa nne usiku, unapunguza hewa, unalala. Kufika saa nane, ndimi za moto zimekwisha, moshi umekwisha, limebaki tabaka la makaa mekundu. Dohani imepoa, hasa yetu iliyojengwa nje ya ukuta wa kaskazini, baridi inailamba mchana na usiku. Mvuto wake ni dhaifu kuliko wakati wowote. Na makaa yanatoa gesi ileile ya chumba cha Njombe.

Saa hiyo kitu kidogo tu kikivuta nyumba, dohani inageuka, na hakuna moshi wa kukuamsha.

Nasi tulikuwa na kawaida gani saa nne usiku? Kuwasha mashine ya kukaushia nguo, tukapanda kulala. Mashine hiyo nayo inatoa hewa nje, saa nzima au zaidi. Tumefanya hivyo tangu Novemba.

Nilipomwambia Mama Neema hakujibu. Alienda akasimama mlangoni kwa watoto muda mrefu.

King'ora chetu cha gesi kilikuwa kimoja, kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba, karibu na tangi la mafuta. Nikasoma maelezo yake: gesi ikiwa sehemu 70 katika milioni, kinaruhusiwa kusubiri kati ya dakika 60 na 240 kabla ya kulia. Sasa tunavyo vitatu, kimoja nje ya vyumba vya kulala. Nimevijaribu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, kimoja baada ya kingine, watoto wakiwa kitandani, nione kama wataamka. Neema aliamka. Mdogo wake hakuamka, basi tumekubaliana nani anamfuata.

## Duara la penseli

Duara lingalipo ukutani, lakini si pale nitakapotoboa. Lilikuwa upande wa kusini-mashariki, karibu na jiko, rahisi. Dhoruba kubwa za pwani huku hupiga kutoka kaskazini-mashariki, na pepo za kawaida za baridi hutoka kaskazini-magharibi. Nimeshauriana na mfagia dohani, mtu wa makamo aliyezijua nyumba za mtaa huu tangu kijana. Alikaa nami saa nzima bila kuhesabu saa yake. Tumekubaliana ukuta wa kaskazini-magharibi, kofia iwe chini ya usawa wa jiko na kamwe isiwe juu yake, maana bomba la hewa likipanda linaweza kujifanya dohani. Kipande kinachopita ukutani kiwe chuma, kiachane na mbao. Kazi tutaifanya Mei, jiko likiwa baridi.

Kwa hiyo ndiyo, nitaliweka bomba. Moto uliofungiwa utakuwa na hewa yake bila kunyang'anyana na sisi, na huenda dohani ikabaki na nguvu kidogo zaidi alfajiri. Lakini silisubiri linilinde na feni, wala na mashine ya nguo. Mashine inawashwa mchana. Feni tunaiacha namba moja, na ikipanda, dirisha la sebuleni linafunguliwa kwanza. Mama Neema amebandika karatasi pale kwenye swichi: DIRISHA. Ukitaka kupima la kwako, fanya hivyohivyo na udi kabla ya kununua chochote, na ufanye feni zote zikiwa zinawaka. Kama dirisha la chini halibadilishi kitu, huenda tatizo liko kwenye dohani, mwite wa kuifagia.

Ila jiko la mkaa lisiloungwa dohani ni habari nyingine. Hilo halina dirisha linalolitosha. Lisilale ndani na watu, basi.

Hili nililazimika kumwambia mama, kwa sababu baada ya ule msiba wa nyumba ya tatu alikuwa amejipatia dawa yake. Usiku ule wa matanga alirudi, akachukua gunzi la mahindi, akalisimamisha kwenye dirisha la mbao la chumbani lisifunge. Tulilalamika baridi, hakulitoa. Miaka yote ya utoto wangu gunzi lilikuwa pale. Likioza anaweka jipya. Hakuna mtaalamu aliyemwambia. Tulivuka majira mengi ya baridi na jiko la mkaa chumbani, na sasa ninajua tulivuka kwa ukingo mwembamba namna gani.

Nilimpigia Jumapili iliyopita, kwa video. Nikamweleza habari ya gesi na mkaa ulioiva, pole pole, nikimwomba jiko lisiingie tena chumbani Juni ikija, nitatuma hela ya mablanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akawataja wale watatu wa nyumba ya tatu kwa majina yao, mmoja mmoja.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Na hapo kwako, dirisha liko wapi?"

Nikageuza simu nikamwonyesha. Mama Neema alikuwa jikoni, feni inanguruma, na dirisha la sebuleni limeshikiliwa na kipande cha kuni nilichokichonga kwa panga, unene wa vidole viwili. Aliisogeza sura karibu na kioo cha simu yake kule Njombe, akaangalia.

"Weka kinene zaidi," akasema.